Sijui Kiarabu lakini nilikaa mpaka taa zikazimwa

Jamani hii nimechelewa kuiandika, ilikua niiweke Jumapili lakini nguo za kufua, watoto, zamu ya usiku, mwayajua wenyewe. Leo nimekaa na chai yangu na nimeapa siinuki mpaka niimalize.

Jumamosi ya juzi nilikwenda kwenye tamasha la Wapalestina hapa London. Si lile la mabango makubwa kwenye vituo vya treni, hili ni la mtaani, siku moja tu, kuanzia saa saba mchana mpaka usiku, michezo ya jukwaani, mashairi, ngoma na hadithi, kiingilio utoe ulichonacho. Nilimburuta binti yangu wa miaka kumi ambae siku hio aliahidiwa bwawa la kuogelea, kwa hio njia nzima alikua amenuna, na treni nayo ikasimama dakika arobaini katikati ya stesheni mbili bila maelezo yoyote ya maana. Tukafika tumechelewa, tumelowa, hatusemezani.

Ukumbi wenyewe ulikua ni wa kanisa, ule wenye mistari ya kila rangi sakafuni kwa sababu siku nyengine watu huchezea mpira humo. Viti vya plastiki. Mlangoni wazee wawili wanamimina chai ya majani ya maramia kutoka kwenye birika kubwa la umeme, na kila anaeingia anakabidhiwa kikombe kwanza ndio aulizwe jina. Hapo nikajua niko kwa watu.

Yule dada alokua akiongoza programu akashika maiki akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anaetangaza gari ilopaki vibaya, kwamba wasamehewe kwa kuhama, ukumbi wao wa kwanza uliwapigia siku tisa kabla ukasema haupatikani tena. Hakueleza zaidi. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu alozoea.

Na wamezoea kweli. Nilisoma baadae kuhusu PalFest, tamasha la fasihi la Palestina alilolianzisha mwandishi wa Misri Ahdaf Soueif na wenzake mwaka 2008. Lile tamasha husafiri, na sababu yake inaumiza ukiifikiria, ni kwamba Mpalestina wa Bethlehem hawezi tu kuamka akavaa akaenda Jerusalem kusikiliza mashairi, kuna vibali, kuna vizuizi vya barabarani, kwa hio waandishi ndio wanaopanda basi wakawafuata wasikilizaji mji kwa mji. Sasa Mei 2009 walipanga kufungulia Jerusalem Mashariki, kwenye Ukumbi wa Taifa wa Kipalestina, watu wameshaingia wameshakaa, polisi wa Israeli wakaja na silaha na amri ya kufunga. Unajua walichofanya? Waliinuka wote, waandishi na wasikilizaji, wakatembea kwa miguu mpaka kituo cha utamaduni cha Wafaransa, na tamasha likaendelea bustanini. Siku ya kufunga vilevile, wakazuiwa, wakahamia kwengine.

Kilichonifanya niwe macho usiku ule si polisi, ni orodha ya waalikwa wa mwaka huo. Nasoma majina, mara namkuta Abdulrazak Gurnah. Wetu, wa Unguja, miaka 12 kabla ya Nobel yake. Nateremka kidogo namkuta M.G. Vassanji, alozaliwa Nairobi akakulia Dar. Nikamwamsha mume wangu kumuonyesha, akaniuliza kama nina homa.

Lakini mie kuingia kwenye mambo haya hakukuanza na siasa wala maandamano, kulianza na Mrisho Mpoto, yule mshairi wa jukwaani wa Tanzania. Ndio, Mjomba. Ngojeni niwaeleze.

Mwaka 2012 kulikua na lile tamasha pale Globe, ukumbi wa Shakespeare ukingoni mwa mto Thames, michezo 37 kwa lugha 37, na Kiswahili tulipewa mmoja, Wanawake wa Heri wa Windsor, kikundi cha Kenya, na yule Falstaff, lile jizee la mitongozo na tumbo, aliigiza Mrisho Mpoto. Tiketi za kusimama zilikua pauni tano. Nilikua mgeni London, baridi imenikaa kwenye mifupa, sina rafiki, nikaenda kusimama pale uwanjani pasipo na paa, na nikasikia Kiswahili kikinguruma kutoka kwenye jukwaa lile. Nililia. Nilicheka mpaka nikalia, alafu nikalia tu.

Nikanogewa. Siku chache baadae nikarudi, nikakuta zamu ni ya Wapalestina, kikundi cha Ashtar kutoka Ramallah, mchezo ni Richard II. Nikasema pauni tano si kitu, ntasimama. Sikuelewa hadithi, wafalme wa Kiingereza kwa Kiarabu, hebu fikiria, na mie Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani tu, cha kusoma bila kuelewa, viboko vya maalim vingi kuliko maana. Ila kuna jambo lilinitokea pale ambalo hunitokea mpaka leo. Maneno yanapita kama maji, alafu ghafla moja linaruka kama samaki. Dhuluma. Sultani. Damu. Roho. Ardhi. Nasikia nusu, labda hata robo, na ile robo ni yangu, nimekua nayo. Mzungu alosimama pembeni yangu alikua anasoma maelezo kwenye kiskrini kule pembeni, mie naruka na samaki wangu.

Basi turudi ukumbini.

Cha kwanza tulichokiona kilikua ni vijana wanasoma zile Monolojia za Gaza. Hizi asili yake ni Ashtar haohao. Mwaka 2010, baada ya vita vya 2008 na 2009, walikaa na vijana wa Gaza zaidi ya 30 wakawaambia andikeni, na kila mmoja akaandika yake, alichokiona, alichokiogopa, alichokitamani, na maandishi hayo yakasomwa na vijana wengine nchi nyingi duniani. Alafu Novemba 2023 Ashtar wakawaomba watu wa michezo kote duniani wayasome tena, kwa sababu waloyaandika walikua watoto wakati ule na sasa ni watu wazima wako ndani ya vita kubwa kuliko ile. Alosoma ukumbini kwetu alikua kijana wa miaka kumi na tano hivi, fulana ya Arsenal, karatasi inamtetemeka mkononi mpaka unaisikia kwenye maiki, krrr krrr. Alisoma vibaya, nisiwadanganye, anameza maneno, hatizami watu. Na alinikamata kuliko wote walosoma vizuri. Wale wenye sauti za kuigiza, za kulegeza na kupandisha, walinichosha kidogo. Maneno ya mtoto ukiyatia chumvi unayaharibu.

Kulikua na hotuba pia. Tatu. Sitaki kuwa mkosefu wa adabu lakini mbili zilikua refu mno, na zote zilisema mambo ambayo kila alokuepo anayajua, ndio maana yuko pale. Binti yangu alianza kuhesabu mistari ya sakafu.

Alafu ikaja zamu ya mshairi ambae hakuja. Alikua aje kutoka Ramallah, tiketi imekatwa, viza haikutoka. Hio nayo ilitangazwa kwa sauti ileile ya gari ilopaki vibaya. Wakamuweka kwenye ukuta kwa projekta, video ya moja kwa moja, mzee wa miaka sitini hivi, miwani imeteleza puani, nyuma yake rafu ya vitabu na pazia la maua kama la sebule yoyote ya Mombasa. Akasalimia. Akasoma mashairi yake mawili, yana tafsiri chini. Alafu akasema sasa atasoma la Darwish, na ukumbi ukafanya ile hhhmm.

Mahmoud Darwish mtakua mmemsikia. Alizaliwa 1941 kijiji cha al-Birwa, kijiji kikabomolewa baada ya 1948, akakulia ndani ya nchi yake bila kuhesabika sawasawa. Miaka ile mpaka 1966 Wapalestina walobaki ndani ya Israeli walikua chini ya utawala wa kijeshi, kutoka mji mmoja kwenda mwengine ulihitaji kibali, na washairi walokwenda kusoma vijijini bila kibali walifungwa au kuzuiwa wasitoke majumbani mwao. Yani kusoma shairi harusini au uwanjani kulikua ni kosa la usafiri. Katika hali hio ndio akaandika, mwaka 1964, lile shairi la kitambulisho, ambapo mtu amesimama mbele ya karani wa serikali anajibu maswali.

Mzee kwenye ukuta akavuta pumzi akasema, "Sajjil!"

Na intaneti ikakata. Picha imeganda, mdomo wazi, mkono juu.

Kimya kama sekunde mbili. Alafu mama mmoja nyuma yangu, nilisikia kiti chake kikisogea, akaendelea, anaitikia pale mzee alipoishia, na wa pili akaingia, na kabla sijageuka ukumbi mzima unalisoma, wazee wa chai kule mlangoni, yule kijana wa Arsenal, wote, na kila beti likianza wanalipiga lile neno kwa pamoja kama mtu anaegonga muhuri. Sajjil. Sajjil. Mzee wa watu bado ameganda pale ukutani na mkono wake juu, kama ndie anaewaongoza.

Sajili, jamani. Neno ni lilelile. Sajili, andika kwenye daftari. Sajili laini ya simu, sajili mtoto shuleni, sajili kura. Sikuhitaji ile tafsiri ya chini, ambayo nayo iliganda vilevile.

Na mie sikua pale tena. Nilikua na miaka kumi na nane, mstari mrefu, jua la saa tano, nimeshika bahasha ya kaki ina cheti changu cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba, cha mama, na barua ya mzee wa mtaa. Wale tulosimama na ushungi na kofia tulikua na foleni yetu, hakuna alotuambia, ilijipanga tu. Karani hakuinua uso. Akaniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nikamwambia Kibokoni, hapohapo Mombasa. Akasema lete cheti chake. Babu yangu alozaliwa enzi ambazo mtu alihesabiwa umri kwa mwaka wa njaa na mwaka wa mvua, nikamletee cheti. Nyanya ndie alonisindikiza siku hio, na nyanya hakua mtu wa kupandisha sauti, akamtizama yule kijana akamwambia, "Mwanangu, hiyo meza ulokalia, mbao yake mumewangu ndie aloipasua." Kitambulisho kilichukua miezi kumi na moja.

Sisemi ni sawa. Si sawa hata kidogo, mie kijiji changu kipo, naweza kupanda ndege Desemba nikaenda kukilalamikia joto. Nasema tu kwamba lile neno lilipopigwa mara ya tatu na mie nilikua nalisema, kwa Kiswahili changu, sajili, na mwanangu alinitizama kwa sababu sauti yangu ilikua imebadilika.

Mzee alirudi hewani shairi limeshaisha. Akauliza, "Mnanisikia?" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko na makofi, na yeye hajui kwa nini, akacheka vilevile.

Baada ya hapo kulikua na kijana wa jukwaani peke yake, kiti kimoja na shati moja, alilokua akilivaa anakua baba mtu, akilivua anakua mtoto, akilifunga kichwani anakua nyanya. Alisimulia Jenin, ile kambi ya wakimbizi wa Kipalestina. Ile kambi ina ukumbi wake wa michezo, kwa Kiarabu Masrah al-Hurriya, na hapo tena samaki akaruka, hurriya, huru, uhuru. Ukumbi wa Uhuru. Historia yake mtu akikuletea kama mchezo utasema ametia chumvi. Mama mmoja Myahudi, Arna Mer-Khamis, alokua ameolewa na Mpalestina Mkristo, alifungua nyumba za kusomea na michezo kwa watoto wa kambi wakati wa intifadha ya kwanza, yale maasi ya Wapalestina dhidi ya Israeli. Jukwaa lile likabomolewa jeshi lilipoivamia kambi 2002. Mwanawe Juliano akarudi na wenzake wakafungua jipya 2006. Tarehe 4 Aprili 2011 Juliano akapigwa risasi akafa, nje ya ukumbi wake mwenyewe. Wakaendelea. Desemba 2023 wanajeshi wakaingia, wakavuruga kila kitu, wakakamata viongozi, na mmoja wao, Mustafa Sheta, alikaa ndani mpaka Machi 2025 bila kufikishwa kwenye kesi. Na wakati anatoka, kambi yenyewe ilikua imeshafurushwa watu.

Khamis, mmeliona lile jina? Hamisi. Mie nina wajomba watatu wanaitwa Hamisi.

Kuna watu huniuliza, na walinitumia ujumbe hata wiki hii nilipoweka picha, sanaa ya nini wakati watu wanakufa, si bora pesa hizo zipelekwe unga. Zilipelekwa, kikapu kilipita mara mbili, nilitia na nilimuona alotia kuliko mie. Lakini pia fikiria, Agosti 9 mwaka 2018 ndege zilipiga jengo la Al-Mishal kule Gaza, ghorofa tano, lilikua na ukumbi wa michezo ambao vikundi karibu vyote vya mji vilipita humo, na baadae vijana walikwenda kuimba juu ya kifusi chake. Siku hio ilikua miaka kumi kamili tangu Darwish afariki. Mtu anaesema sanaa si kitu awaulize wale walioitafutia bomu.

Tukapumzika kula. Musakhan, ule mkate wenye kuku na vitunguu na sumac, kile kiungo chekundu chachu, vidole vyote mafuta, binti yangu alikula vipande vitatu na manung'uniko ya bwawa yakaisha. Na hapohapo watu wanakula wengine wakaanza dabke, ngoma yao ya kucheza kwa mstari, katikati ya mistari ya mpira, bega kwa bega, mguu unapigwa chini mpaka chai inatikisika kwenye kikombe. Anaeongoza mstari yuko kule mwisho, anazungusha tasbihi hewani kwa vidole viwili, ndie anaeruhusiwa kujitoa mstarini akajionyesha, wengine lazima washikane. Nilivutwa. Sina la kusema kuhusu miguu yangu ila kwamba alonishika mkono wa kulia aliomba radhi kwa kosa ambalo lilikua langu.

Msichana mmoja akasoma lile shairi la Refaat Alareer, mwalimu wa chuo kikuu Gaza alouliwa Desemba 2023, lile la kuomba kwamba akifa mtu anunue kitambaa na nyuzi, atengeneze tiara ya kurushwa. Alisoma kwa Kiingereza kama lilivoandikwa, alafu mwenzake kwa Kiarabu, na mle ndani ya Kiarabu nikasikia tayyara. Tiara. Zile tulokua tukizirusha Makadara tukiwa wadogo, za njiti na karatasi ya gazeti. Hilo sitaliandikia zaidi, siwezi.

Sasa yule bibi.

Aliwekwa mwisho kabisa, saa tatu usiku, watu wengi wameshaondoka na watoto. Nami nilikua nimeshavaa koti. Nikaona wanasogeza kiti cha kawaida, si jukwaani, chini, na mjukuu wake akamshika mkono akamkalisha. Miaka themanini na kitu. Nguo nyeusi ya tarizi nyekundu kifuani, na juu yake sweta la kijivu limefungwa vifungo kimakosa, kimoja kimeruka. Mjukuu akaeleza kwamba nyanyake atasimulia hikaye.

Hikaye. Hekaya! Nikavua koti.

Kumbe hii kwao ni kazi ya wanawake wazee, huwasimulia wanawake wenzao na watoto, nyumbani, usiku wa baridi, na mwanamme mtu mzima alokaa kusikiliza alionekana amekosa kazi. UNESCO waliitia kwenye orodha ya turathi za kitamaduni zisizoshikika mwaka 2008. Na hata kile kikundi cha michezo ya jukwaani cha kina François Abu Salem, kilichoanzishwa 1977, ambacho baadae kilichukua sinema kuukuu ya Jerusalem wakaifanya ule Ukumbi wa Taifa ulokuja kufungwa na polisi 2009, jina lake ni El-Hakawati. Msimulizi wa hekaya. Yani nilikua nimelisoma jina hilo mara kumi bila kulisikia, mpaka alipokaa bibi mwenye sweta.

Bibi akatizama watu, akangoja mpaka koho zote ziishe, akasema wahhidu Allah. Mpwekesheni Mungu. Na ukumbi ukajibu la ilaha illa Allah, na mie nimejibu, na mwanangu amejibu, kabla hata hatujafikiri. Hilo tulifunzwa. Hapo hakuna nusu.

Akasimulia hadithi ya mwanamke tasa alomuomba Mungu mtoto, japo awe sufuria, na Mungu akampa sufuria. Sufuria ikakua. Siku moja ikamwambia mamake nifungulie mlango, ikatoka ikajiviringisha barabarani, tunjur tunjur tunjur, na bibi anaizungusha kwa mkono mmoja hewani huku mguu unagonga chini. Watu wakaiokota wakaijaza asali, ikafunga kifuniko ikakimbia nyumbani. Siku ya pili ikaja na vito vya watu. Kila mjukuu akitafsiri sentensi, bibi anamtizama kwa jicho la kwamba unaniharibia. Na mwisho sufuria ikazidisha tamaa, ikajulikana, ikarudishwa kwa mamake imejazwa uchafu, na bibi hakulificha lile neno, alilisema na akalitafsiri kwa uso. Binti yangu alicheka mpaka akateleza kwenye kiti.

Alafu bibi akafunga kwa maneno ambayo nimejifunza sasa, tar et-ter, ndege ameruka, na titmassu bil-kher, jioni yenu iwe ya kheri. Nikajikuta namjibu kwa sauti, "Msalkheri, bibi." Akageuka. Akamuuliza mjukuu kitu, mjukuu akaniuliza natoka wapi, nikasema Mombasa, bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aloambiwa natoka nyumba ya tatu. Sijui kama aliijua. Alinipa peremende mbili kutoka mfukoni mwa sweta, moja yangu moja ya mtoto.

Ndani ya basi nikamtumia shangazi yangu sms, kule kwetu ilikua karibu saa sita usiku lakini shangazi halali, nikamwambia shikamoo, nimesikia hekaya leo nikamkumbuka nyanya, unazo bado zile hadithi zake? Hakujibu kwa maandishi, shangazi haandiki. Akatuma voisi, dakika tisa. Nikampa mwanangu sikio moja la spika mie moja.

Kwanza zilisikika feni na jogoo wa jirani asiejua saa. Alafu shangazi akakohoa akasema, "Paukwa."

Na akanyamaza. Kwenye voisi, peke yake chumbani, anangoja ajibiwe. Feni inazunguka. Mwanangu akaniangalia, nami nikamwangalia, na basi lina watu.

"Pakawa," tukasema.

"Sahani," akasema shangazi.